Uzi wa plastiki: uchanganywe na katani au fiberglasi?

Uzi wa polipropilini uliochanganywa na nyuzi ngumu hupashwa moto ndani ya kalibu. Plastiki ikiyeyuka, karibu sentigredi 165, huzishika nyuzi hizo zikawa bamba moja. Swali ni nyuzi zipi.

Fiberglasi, yaani nyuzi za kioo, ina nguvu zaidi na hainywi maji. Kwa boti, sibishani.

Lakini shika singa ya katani iliyotoka kuanikwa hapa Tanga: kavu, nyepesi, inakwaruza kidole. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.45 hivi, fiberglasi 2.5, na ukiikata fiberglasi unawashwa mwili. Katani sharti ikauke vizuri kwanza, na moto ukipita 200 inaanza kuungua. Kwa paneli za ndani za milango ya magari nachagua katani, na inaniuma tunavyoisafirisha ghafi.