Nilipaka rangi viti vya kitambaa: kimoja kilikubali, kingine kiligoma

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka asisome mpaka chini. Kama mbao za kiti chako hazitikisiki, sponji bado ina nguvu, na tatizo ni kitambaa kilichopauka au kuingia madoa, paka rangi, utafurahi. Kama sponji imelala na springi zinakuchoma, peleka kwa fundi makochi. Video nyingi za kazi hii zinaonyesha kiti kabla na baada, ila ni nadra kuona mtu amekikalia, na ubaya wote wa rangi hii unajitokeza ukishakaa.

Nilikuwa na viti viwili. Kimoja ni kiti cha mikono, kitambaa chake cha pamba kimefumwa bapa, kilikuwa cheupe cha maziwa na kina maua yaliyofumwa humohumo. Cha pili ni kifupi, hakina mikono, kimevalishwa mahameli. Rangi nazo zilikuwa mbili, zote za maji: rangi ya chaki, yaani ile isiyong'aa ambayo ikikauka hufanana na chaki, na rangi ya akriliki ya kawaida, ile inayokauka kama plastiki, iliyochanganywa na dawa ya kulainisha rangi za nguo. Dawa hiyo huuzwa na wanaouza vifaa vya wachoraji, na kipimo nilichofuata kilikuwa sehemu mbili za rangi kwa sehemu moja ya dawa. Soma kopo lako, maana hutofautiana.

Rangi ya chaki ilianzishwa na Mwingereza Annie Sloan mwaka 1990 kwa ajili ya samani, kazi yake kubwa ikiwa mbao. Baadaye watu wakagundua kwamba ukiizimua kwa maji inaingia hata kwenye kitambaa. Siku hizi kampuni nyingi zina ya kwao, na kopo langu ni la mojawapo ya hizo, kwa hiyo nisemayo hapa yasihesabiwe kwa huyo mama.

Kabla ya yote, dondoshea kitambaa maji. Tone likizama, rangi nayo itazama. Likisimama na kubingirika, kitambaa hicho kimepakwa dawa ya kuzuia madoa, au nyuzi zake ni za plastiki tupu, na rangi itakaa juujuu tu. Kiti changu cha mikono kilikunywa tone palepale. Kisha nilijaribu rangi zote mbili nyuma ya egemeo, upande unaotazama ukuta, nikaacha zikauke kabisa ndipo nikazikunja kwa vidole. Ile ya akriliki yenye dawa ilikuwa laini zaidi. Ile ya chaki ilikuwa ngumu kidogo lakini ilifunika vizuri zaidi, na kwa kuwa nilikuwa na maua ya kuficha, nikaichagua kwa kiti kikubwa.

Kazi yenyewe inataka subira tu. Nilifyonza vumbi kwa mashine, nikafuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, nikaacha kiti kikauke. Sehemu zenye mafuta, hasa pale vichwa vinapoegemea na mikono inapolala, zisafishe mara mbili. Rangi ya maji haishiki mafuta, na doa la mafuta lililoachwa litajichora tena juu ya rangi mpya. Miguu ya mbao niliizungushia tepu ya karatasi.

Halafu nilinyunyizia kitambaa maji kwa chupa ya kupulizia mpaka kikawa chepechepe, si cha kuchuruzika, nikapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ukiwa mwepesi kama maziwa. Hapa ndipo wengi huharakisha. Rangi ina gundi ndani yake, na kazi ya gundi ni kushikamanisha. Ukipaka rangi nzito juu ya kitambaa kikavu, gundi inatengeneza ngozi juu ya nyuzi, na ngozi hiyo hupasuka kila kiti kinapobonyea. Ukipaka nyepesi juu ya kitambaa chenye maji, rangi inaingia katikati ya nyuzi na kila uzi unabaki na uhuru wake kidogo. Mkono wa kwanza utakuwa mbaya, una mabaka, umeonyesha maua yote. Usiongeze rangi kwa hasira. Acha ukauke, pitisha msasa laini, wa namba 400 unatosha, pangusa vumbi, ndipo uende mkono wa pili. Kupitisha brashi kufuata mwelekeo wa ufumaji kunasaidia, na kwenye mishono iliyonyanyuka tumia brashi ndogo.

Rangi inakunywewa kuliko unavyodhani. Kiasi ambacho kingetosha kupaka kabati la mbao kiliishia kwenye kiti kimoja na bado nikarudi kununua. Yeyote anayekuambia njia hii ni ya bei rahisi mno hajahesabu kopo la pili, nta na brashi. Bado ni nafuu kuliko kuvalisha upya, ila tofauti si kubwa kama inavyosemwa, hasa kwa kiti chenye egemeo refu.

Jingine la kujua ni kwamba rangi ya chaki ikilowa inaonekana imekoza, ikikauka inapauka, ukiipaka nta inarudi kukoza. Usihukumu katikati. Mimi nilichagua buluu iliyoiva, na kuna jioni ilionekana kama nimepaka majivu.

Maua nayo? Rangi yake ilipotea, umbo likabaki. Kwa kuwa yalifumwa, yamesimama juu ya kitambaa, na mwanga ukiingia kwa ubavu unayaona yote, buluu juu ya buluu. Nimeyapenda hivyo, pengine kuliko kiti kingebaki bapa. Asiyetaka ajue kwamba hakuna idadi ya mikono ya rangi itakayoyafuta. Kama maua yako yamechapishwa tu, yatafunikwa, mradi rangi mpya iwe imekoza kuliko ya zamani. Kutoka nyeusi kwenda nyeupe sishauri.

Mahameli iligoma. Nilitumia ile akriliki laini, nikafuata hatua zilezile, na matokeo hayakupendeza. Uzuri wa mahameli uko kwenye manyoya yake mafupi yanayolala huku na huku. Rangi ikiyashika yanasimama vifungu vifungu na kukwaruza. Msasa ulipunguza ukwaruzaji, haukurudisha ulaini. Kwa macho, ukiwa mbali, si kibaya. Kwa mapaja, hapana. Kwa kitambaa chochote chenye manyoya ningekwambia uhifadhi rangi yako.

Mwisho wa kupaka kiti cha mikono nilipitisha nta laini isiyo na rangi, nikaisugua kwa kitambaa safi. Usikikalie haraka. Nta ya aina hii hukauka juu upesi lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Kipimo changu ni kitambaa cheupe chenye unyevu: sugua kwa nguvu mahali pa kukalia. Mara ya kwanza kilitoka na buluu hafifu, nikapangusa kiti chote na kusubiri. Baadaye kikatoka cheupe, ndipo nikaruhusu watu wakae. Wenye suruali nyeupe bado nawaelekeza kwingine.

Sasa kimetumika vya kutosha kukisema. Mguso wake ni wa turubai laini, si wa pamba tena. Kwenye joto kinakupa jasho, kwa sababu kitambaa kilichojaa rangi na nta hakipitishi hewa kama zamani. Maji yakimwagika unayafuta kabla hayajazama, na hilo ni jema ambalo sikulitegemea. Ukingo wa mbele, pale goti linapokunjikia, umeanza kupata nyufa nyembamba, wakati egemeo na mikono viko kama siku ya kwanza. Ndiyo maana sofa ya sebuleni inayolaliwa kila siku siwezi kuipaka, ila kiti cha chumbani kinachobeba nguo na mgeni wa mara mojamoja ningekipaka hata kesho.

Nyufa zenyewe hurekebishika: lowesha pale tu, gusagusa kwa rangi iliyozimuliwa, ikikauka rudisha nta. Kwa hiyo bakiza rangi, na uihifadhi kabla hujaitia maji, ndani ya chupa yenye mfuniko wa kubana, kwa kuwa iliyozimuliwa huanza kunuka ikikaa.