Diski haikuwa butu, ilikuwa imejaa kole (gundi): uzoefu wangu na sabuni ya kuondoa mafuta ya jikoni

Chupa yenyewe ni ya kawaida. Sabuni ya maji ya kupuliza, ile inayoondoa mafuta yaliyogandamana kwenye majiko na masufuria. Niliinunua soko la Kadutu kwa ajili ya nyumbani, sasa inakaa atelye (karakana yangu) karibu na sirkulere, yaani msumeno wa umeme wenye diski ya meno, na mama watoto nimemnunulia nyingine.

Mimi ni fundi mbao hapa Bukavu. Miezi hii kazi inayoniletea chakula ni kaunta za maduka: fremu za libuyu (mbao nyekundu), tripleksi (plaiwudi) juu yake, kisha fomika, ile karatasi ngumu ya plastiki ya juu. Fomika tunaibandika kwa kole ya neopreni, halafu tunapitisha ubao kwenye msumeno kunyoosha kingo. Hapo ndipo diski inapobeba kole. Mara nyingi kole haijakauka sawasawa, na diski ikishapata moto inaipika papo hapo mpaka inakuwa ngumu. Siku nyingine unapasua sipresi yenye utomvu, nao unakuja kukaa juu ya kole. Kidogo kidogo meno yanavaa koti la kahawia linalong'aa kama sukari iliyoungua.

Mwezi wa tano libuyu ilianza kutoka na mistari myeusi pembeni. Moshi, harufu ya kuungua, mota inalia, na ubao unausukuma kwa kifua. Huku kwetu umeme ukija unaweza kuja usiku wa manane ukaondoka alfajiri, na tukiwasha jenereta kila dakika ni esansi (petroli). Diski ikivuta polepole, unaona pesa inavyoungua pamoja na mbao. Nikadhani diski imekuwa butu, nikaipeleka kwa mnoaji. Baada ya wiki mbili moshi ukarudi, nikaipeleka tena, nikalipa tena. Hata mara moja hakuniambia kwamba diski ni chafu. Alinoa ncha tu, akanirudishia na kole yake ubavuni. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kila kunoa kunakula widia, ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye jino, na widia ikiisha diski nayo imekwisha.

Aliyenifungua macho ni yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), fundi wa siku nyingi, aliyepita kuazima klempu (kibanio cha mbao). Aliishika diski, akapitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa jino, kutoka kwenye widia kuteremka hadi kwenye bamba la chuma.

"Mdogo wangu, unasikia ngazi hapa?"

Nikajaribu kwa ukucha wangu. Laini tupu.

"Basi ndiyo ugonjwa wake. Hapa inatakiwa kuwe na ngazi."

Tazama maandishi ya diski yako utaelewa. Yangu imeandikwa 250 x 30 x 3.2, Z40. Yaani kipenyo milimita 250, tundu la katikati 30, upana wa jino 3.2, na meno 40. Bamba lenyewe lina unene wa milimita 2.2. Kwa hiyo jino limezidi bamba kwa nusu milimita kila upande, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoruhusu bamba kupita ndani ya mbao bila kuzigusa. Kole ikiijaza, bamba linaanza kusugua. Likisugua linapata moto, moto unalainisha utomvu mpya unaonata juu ya ule wa zamani, na bamba likizidi moto linajipinda. Ncha ya jino inaweza kuwa bado kali kabisa huku mbao zinaungua.

Jioni ile nikachomoa waya ukutani (usifungue diski mashine ikiwa kwenye umeme, hata kama umeme haupo, unaweza kurudi mkono wako ukiwa ndani), nikailaza diski kwenye beseni la plastiki. Maji ya uvuguvugu, yasiyochemka. Nikapuliza sabuni pande zote mbili, nikaacha dakika kumi na tano. Niliporudi maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Nikasugua kwa mswaki wa zamani, kuanzia kwenye bamba kwenda nje kuelekea ncha ili nisijikate, na lile koti likaanza kuachia kwa vipande, kama utando juu ya maziwa. Chini yake yakatokea maandishi niliyokuwa nimeyasahau: mshale wa upande wa kuzunguka, na idadi ya juu ya mizunguko. Ukucha nao ukasikia ngazi.

Sabuni hii imeshinda utomvu na masizi, na hapo naisifu bila kusita. Kole nyeupe ya mbao nayo inalainika ukiipa muda na maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo. Ila neopreni haikutikisika. Ilibaki kama kamba za mpira kwenye mabonde kati ya meno. Kwa hiyo nilitumia asetoni, ile wanayofutia rangi ya kucha: unalowanisha kitambaa, unakilaza juu ya meno dakika tano, kisha unaisukuma kole kwa kidole gumba inajiviringa yenyewe. Fanyia nje, mbali na jiko la makaa na sigara. Mvuke wa asetoni unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse Bukavu. Kole ya poliyuretani ikishakauka usiipotezee asetoni, haiyeyuki. Ikwangue kwa kipande cha mti mgumu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mafuta ya taa. Yanalainisha utomvu, kweli, lakini yanaacha ngozi ya mafuta, na ubao wa kwanza unaopita unaibeba. Kole haitashika vizuri hapo, na vernisi (vanishi) nayo inakataa.

Jirani mmoja aliniambia nitumie soda kostike, ile ya kutengenezea sabuni, kwamba inamaliza kila kitu ndani ya dakika mbili. Nilikataa. Ikiruka machoni unaweza kupofuka. Na widia si kipande kimoja cha chuma, ni chembe za kabidi ya tungsteni zilizoshikwa na kobalti, na wapo watengenezaji wa diski wanaoonya kwamba dawa kali za namna hiyo zinaweza kuidhoofisha. Wengine wanachoma diski motoni kole iungue. Ukifanya hivyo bamba linapoteza ugumu wake na jino linaweza kulegea, na jino lililolegea kwenye mashine inayozunguka mara elfu nne kwa dakika sitaki kulifikiria.

Kasoro za sabuni yenyewe: inakausha mikono hadi ngozi inapasuka, kwa hiyo vaa glavu. Kipulizio cha chupa yangu kilikufa kabla ya mwezi, sasa namimina tu. Na kosa kubwa lilikuwa letu, si lake: siku moja kijana wangu wa kazi aliacha diski na unyevu usiku kucha, asubuhi ilikuwa na madoa ya kutu. Tangu hapo tunaikausha kwa kitambaa, tunaianika, kisha tunapaka nta ya mshumaa nyembamba kwenye bamba na kuifuta.

Bei ya chupa nzima haikufika nusu ya niliyokuwa nalipa kwa kunoa mara moja, na imeshaosha diski mara tano ikiwa bado na zaidi ya nusu. Libuyu inatoka na rangi yake, nyekundu safi hadi pembeni. Kwa mnoaji sijarudi tangu mwezi wa tano. Siku nitakayorudi, nitakuwa nimeshaosha diski mwenyewe, na nitapitisha ukucha mbele yake kabla ya kulipa.