Kozi ya Kiindonesia ya wanaoanza: somo la kazi zuri, ila mafundi wamesahaulika

Jamani, hii kozi ya video niliinunua nikiwa bado Dar, sasa hivi nina miezi mitatu Yogyakarta nasoma, kwa hiyo ninachosema nimeshakijaribu mtaani. Naongelea somo la kazi tu maana ndo nimelirudia kuliko yote.

Nianze na kilichonifurahisha. Kwanza Kiindonesia hakihitaji "ni", saya guru, mimi mwalimu, imeisha hiyo. Ukikataa ni saya bukan guru, na mwalimu wa kwenye video anakaza kabisa usiseme tidak hapo, tidak ni ya kukataa vitendo na sifa. Afu ndo inakuja pe-, unaiweka mbele ya kitenzi unapata jina la mtu wa hiyo kazi. Aisee hii mtu wa Kiswahili lazima aipende, jual ni kuuza penjual muuzaji, jahit kushona penjahit fundi cherehani, tulis kuandika penulis mwandishi, ile t imemezwa. Darasani huku kuna wenzangu inawasumbua sana kwa nini herufi inapotea, mi nikaona mbona kama kwetu tu, si na sisi jenga inatoa mjenzi, pika mpishi, linda mlinzi? Sisi tunabadilisha mwishoni, wao mwanzoni. Nilipoliona hilo nikaacha kukariri, nikisikia kitenzi kipya naotea jina la kazi na mara nyingi napatia. Yapo ya kumeza tu kama nelayan, mvuvi. Hakim na polisi wala hazihitaji kufundishwa.

Sasa walipokosea. Wamekufundisha uulizwe Apa pekerjaan Anda? na ujibu Saya bekerja sebagai nini sijui. Ni sahihi, ofisini inafaa kabisa. Lakini siku nahamia chumba changu mama mwenye nyumba kaniuliza "Kerja apa kuliah, Mas?" (Mas ni kama "kaka") nikaganda, maana mi najua apa ni "nini", kumbe kwenye maongezi inakuwa pia "au", yaani ananiuliza nafanya kazi au nasoma chuo! Jibu lilikuwa maneno matatu tu, masih kuliah, Bu, yaani bado nasoma chuo, mama. Hilo Bu la heshima nalo kozi haijaligusa, wala Pak ya wanaume, na huku kumwita mtu mzima bila Pak au Bu ni kama kwetu kumsalimia mzee bila shikamoo.

Ila kubwa zaidi ni tukang. Kwenye orodha yao wameweka rubani, injinia, mwanasheria, tukang imetokea mara moja tu, tukang kayu, seremala, wakapita. Wakati hilo ndo neno la mtaa mzima! Ni "fundi" yetu na zaidi. Tukang tambal ban ni fundi pancha, tukang cukur kinyozi, tukang ojek bodaboda, tukang sayur anapita asubuhi na mboga zake, tukang parkir ana filimbi unampa rupia 2,000 ya pikipiki. Hata mtu muongo ni tukang bohong. Hawa ndo watu ninaoongea nao kila siku, rubani sijakutana naye hata mmoja.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Kama una safari ya huku inunue kwa ajili ya hiyo pe-, afu tukang nenda kaisikilize kwa fundi pancha ukisubiri tairi, wanapenda sana kuongea.