TAHADHARI: Mashine za boti za mtumba "zinazojichanganyia oili"

Wakuu, mnaotafuta mashine za boti za mtumba, hasa Yamaha za silinda tatu, kuweni macho. Kuna muuzaji Dar anatangaza kwa picha na video, anauza mashine za tu-stroki (zile ambazo oili huungua pamoja na petroli) kwa maneno matamu: ina pampu yake ya oili, wewe weka petroli tupu, itajichanganya yenyewe. Zimeshaletwa kwangu zikiwa zimenoki. Mimi ni fundi, jina la mtu sitaji hapa, ila kazi yake nitaieleza muitambue mkiiona.

Ya karibuni ni ya mvuvi wa Pangani, mashine ya nguvu za farasi 60. Ilimpeleka baharini na kumrudisha vizuri tu mwanzoni, halafu siku hiyo ikaanza kukosa nguvu, ikalia kama inasaga kokoto, ikazima. Kamba haivutiki. Wamerudi kwa kuvutwa na ngalawa.

Nikafungua kava. Tangi la oili lipo, limejaa mpaka shingoni, oili safi kabisa. Mwenyewe anasema alikuwa anawasifia wenzake kwamba mashine yake hainywi oili! Ingenyweaje? Pampu haipo. Pale ilipokaa pamezibwa kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa mkono, kikapakwa silikoni. Ile mipira midogo mitatu ya kupitishia oili, mmoja kwa kila silinda, imekatwa na ncha zake zimezibwa kwa skrubu za mbao. Tangi limeachwa pale kama pambo.

Na king'ora kilikuwa kizima. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: king'ora kile kinaangalia oili iliyomo tangini, hakijui kama inafika kwenye pistoni. Tangi likijaa, kinanyamaza. Tu-stroki haina oili ya chini kama injini ya gari. Bila oili inayoingia pamoja na petroli, beringi za shafti na pistoni zinakwenda kavu. Pistoni zote tatu zilikuwa zimechunika.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuondoa pampu si dhambi. Gia zake huchakaa, mipira huzeeka ikavujisha au ikavuta hewa, na mafundi wengi tunaiondoa makusudi mteja akitaka. Kwa boti ya uvuvi, mimi mwenyewe napendelea kuchanganya kwenye dumu, kwa sababu unaiona oili ikiingia kwa macho yako. Lakini mashine ikishaondolewa pampu inageuka ya kuchanganya, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na mnunuzi lazima aambiwe. Huyu anajua na anaficha, kwa kuwa mashine "yenye pampu" anaipandishia bei.

Mnajuaje kwamba anajua? Tazameni video zake. Mashine imefungwa kwenye pipa la maji, inanguruma safi, na petroli iliyomo kwenye dumu jeupe pembeni ina rangi ya bluu. Petroli ya kituoni kwetu haina rangi ile. Ameshaichanganya oili yeye mwenyewe kabla ya kuwasha.

Ukienda kununua, usiridhike na mngurumo. Fuata mipira kwa kidole kutoka tangini hadi kwenye pampu, na kutoka pampu hadi kwenye kila silinda. Angalia kijiti kinachounganisha pampu na kabureta: ukivuta moto (ukiongeza kasi) nacho kisogee, maana pampu hutoa oili kidogo mashine ikinguruma taratibu na nyingi zaidi ukiongeza moto. Halafu nenda na dumu lako lililochanganywa 50 kwa 1, tia alama ya kalamu kwenye tangi la oili, muiendeshe majini kwa muda wa kutosha. Oili ishuke. Isiposhuka, pampu haipo au haifanyi kazi, hata akuapie. Moshi utakuwa mwingi siku hiyo na plagi zitalowa kidogo, haidhuru.

Kuhusu Enduro, aina ya mashine za Yamaha, zile za farasi 15 na 40 tulizozoea pwani na ziwani ni za kuchanganya. Mtu akikuuzia Enduro 40 akakwambia petroli tupu, ondoka.

Na kama umeshauziwa na bado inatembea, usiiwashe tena kwa petroli tupu. Kwenye dumu la lita 20 tia mililita 400 za oili ya boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Oili ya gari hapana. Kisha fungua kava ukague mipira. Ukikuta skrubu, piga picha kabla hujagusa kitu, na tangazo lake lihifadhi mapema, maana akidaiwa analifuta na kudai umeharibu mwenyewe.