Shashi imevutwa kavu: uzoefu wangu wa kufungwa kidonda

Baiskeli siisemi. Kosa langu: nashuka kile kiteremko cha kuingia Mikindani nikitokea Mtwara mjini, waya wa breki ya nyuma ulikatika siku nyingi, mbele kuna mchanga juu ya lami, nami nikabana breki ya mbele. Goti na kiwiko vikachunika. Hakuna kilichovunjika, alhamdulillahi.

Siku ya kwanza zahanati (ya binafsi, siitaji) walinihudumia vizuri, kweli tuseme. Waliosha vidonda kwa maji na sabuni mpaka punje za mchanga zikaisha, sindano ya pepopunda, shashi, bendeji, rudi keshokutwa.

Hiyo keshokutwa sasa! Nikamkuta dada mwingine, simu kaibana kati ya bega na shavu, anaongea habari za mnada wa korosho. Salamu yangu haikujibiwa. "Weka mguu hapo." Shashi ilikuwa imegandia goti kama ukoko wa ugali. Nikasema, "Dada, naomba uilowanishe kwanza."

"Kwani nesi ni wewe?"

Akavuta. Mara moja, kavu vilevile. Nyama changa ikaja nayo, damu ikachuruzika mpaka kwenye kandambili. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye kwenye simu: "Subiri kidogo, kuna mgonjwa anadeka hapa."

Anadeka! Na chupa ya maji ya chumvi, yale ya dripu, ipo palepale mezani!

Nilitaka kuwapa sifuri. Ila mara ya tatu zamu ilikuwa ya mama mmoja wa makamo. Akaimwagia shashi maji ya chumvi, akaniacha nimekaa, huku ananiuliza, "Mikindani kwa nani, mwanangu?" Tukachambua ukoo, bibi huyu, mjomba yule, kuja kushtuka shashi imeteleza yenyewe. Sikusikia chochote. Nikalainika. Bei yao si mbaya, foleni fupi.

Kwa hiyo nendeni, ila ulizeni kwanza nani yuko zamu. Au hapana, msiende! Mgonjwa ataijuaje zamu ya mtu? Kiwiko kilishapona. Goti nalo limefunga, lakini kila nikisujudu linauma palepale, na Mungu anisamehe, katikati ya sala namkumbuka yule dada na simu yake.