Gundi ya stika kwenye ganda la Game Boy (kifaa cha mkononi cha michezo ya video): alkoholi au mafuta ya kula?
Asetoni iweke mbali kabisa: inayeyusha ABS, plastiki ya ganda hilo, na ganda likishaharibika halirudi.

Alkoholi ya isopropili hufanya kazi haraka na hukauka yenyewe. Lakini inaweza kufifisha maandishi au kutia kioo cha skrini cha akriliki (plastiki angavu) nyufa ndogo ndogo, kwa hiyo ijaribu kwanza upande wa ndani wa kifuniko cha betri. Lowesha pamba, usimwagie.

Mafuta ni ya bei nafuu na hayadhuru rangi. Yaache dakika 15. Gundi itajiviringa chini ya kidole kama vumbi la kifutio. Kero ni kuosha kwa sabuni baadaye.

Ganda umeshalifungua? Ningeanza na mafuta. Kama saketi bado imo ndani, alkoholi, betri zikiwa zimetolewa.