TAHADHARI: Mnaotafuta vyumba Mtwara mjini, kuna dalali anapangisha nyumba za watu

Wadau habari za saa hizi. Naandika hii kwa ajili ya mnaohamia Mtwara kipindi hiki, walimu wapya, wanafunzi wa Stella Maris na TIA, manesi mnaopangiwa hospitali ya kanda kule Mitengo, na hasa nyie mnaokuja na msimu wa korosho maana minada ikianza Oktoba mji unajaa na chumba kinakuwa shida kweli kweli. Kuna dalali anazunguka hapa mjini anapangisha nyumba ambazo hajapewa azipangishe. Anachukua kodi ya miezi sita, anakusainisha mkataba, anakupa na ufunguo, ufunguo unafungua mlango kabisa, na bado umepigwa. Huo ufunguo ndo unaowamaliza watu, mtu akishaona kitasa kimezunguka anajua hapa nimefika, hela inatoka.

Najua kwa sababu nyumba aliyoitumia ni ya kwetu na mimi naishi humo humo.

Iko hivi. Shangazi yangu yuko Dar, ana nyumba huku Magomeni (ya Mtwara, sio ya Dar, kuna watu huwa wanachanganya). Mimi na wanangu tunakaa upande wa mbele, uani kuna chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani, kuna kigeti chake cha pembeni kwa hiyo mtu anaingia na kutoka bila kupita kwangu. Mpangaji alipohama shangazi akaweka fundi apake rangi, huku nyuma dalali kampigia, mama nina wateja wengi nasikia una chumba, basi shangazi akamwambia kachukue ufunguo kwa fundi uwe unaonyesha watu. Kijana akachukua, akaleta watu wawili watatu, baadae akarudisha ufunguo kwa adabu zote akasema mama wateja wanalalamika bei. Shangazi anataka laki na ishirini kwa mwezi. Tukasahau.

Kumbe alishachongesha wa kwake. Kuchongesha ufunguo wa kitasa cha kawaida ni dakika tu, na sijawahi kuona mchonga funguo anamuuliza mtu huu mlango ni wa nani.

Sasa Jumamosi moja nimetulia naosha vyombo nasikia kirikuu inapiga honi kigeti cha pembeni. Kutoka nakuta godoro, kabati la vyombo, mtungi wa gesi, ndoo, na binti mmoja mwalimu, amepangiwa shule huku, katokea Singida. Akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo dada, bila shaka we ndo jirani yangu." Nikamwambia marahaba mdogo wangu, jirani wa wapi tena? Akatoa bahasha, ndani mkataba umechapwa, una muhuri, una jina la mama mwenye nyumba ambalo sijawahi kulisikia kwenye ukoo wetu. Tunashangaana pale bajaji nayo ikafika, kijana wa Dar, amekuja na kampuni inayonunua korosho, ana begi na feni, na yeye ana ufunguo. Dereva wa kirikuu anauliza sasa dada zangu nishushe au nisishushe, mi nina mzigo mwingine Chuno. Wote wawili wakajaribu funguo zao. Zote zinafungua. Yule mwalimu akakaa kwenye ngazi akaanza kulia, na mimi sina cha kumwambia maana hata shangazi kwenye simu alikuwa anarudia tu "nani? nani kasema?"

Jumatatu yake wakaja mtu na mkewe, hao walitoa advansi ya laki mbili "kushikilia" chumba. Chumba kile kile.

Baadae tulikaa nao tukaunganisha stori zao, na jamani huyu mtu kajipanga. Tangazo lake anaweka Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumba Mtwara, picha nzuri, bei elfu 80. Ukimpigia anakwambia kuna mtu wa kiwanda cha saruji ameshaweka advansi ila anachelewa, ukija leo nakupa wewe. Kuona chumba unatoa elfu kumi, hiyo wanachukua madalali wengi kwa hiyo hushtuki. Anakuleta kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na sababu nimekuja kuijua baadae, muda huo mimi niko dukani na watoto wako shule, upande wa mbele hakuna mtu wa kumuuliza. Ukisema nataka kuongea na mwenye nyumba hakatai hata kidogo, anapiga pale pale anaweka spika, mama anapokea sauti ya upole ya kiutu uzima, "mwanangu mimi niko Dar naumwa miguu, malizana na kijana wangu huyo ni kama mtoto wangu, ila naomba nyumba yangu msinichafulie." Hilo la usafi kila mmoja analikumbuka, maana ndo lililowafanya waamini. Tapeli gani anakusisitizia kudeki?

Halafu ndo inakuja namba ya kutuma hela. Wote watatu wanasema jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa la huyo mama na halikuwa la dalali. Walimuuliza. Jibu ni hilo hilo kwa wote, mama laini yake ina deni la mkopo wa simu, ikiingia hela inakatwa, kwa hiyo tunatumia ya shemeji. Ukifikiria ni jibu ambalo linaingia akilini kabisa, nani asiyejua songesha na wenzake. Mwalimu alituma miezi sita, laki nne na themanini, akaongeza elfu 80 ya udalali na ile elfu kumi ya kuonyeshwa, jumla laki tano na sabini, na hiyo ndo ilikuwa hela yake ya kujikimu ya ajira mpya, yaani mtu hajapokea hata mshahara wa kwanza.

Ufunguo anakupa siku hiyo hiyo, ila anakuomba usihamie mpaka tarehe fulani eti fundi bado anamalizia choo. Hapo ndo anapata nafasi ya kupangisha tena kwa mwingine na mwingine. Kilichomharibia ni kwamba binti hakuvumilia gesti, gharama zilikuwa zinamuumiza, akaja kabla ya tarehe.

Waliotapeliwa wameshaenda polisi, wamepewa RB (namba ya taarifa yao), na pale wakaelezwa kwamba kosa ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, liko kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, na adhabu inaweza kufika miaka saba. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu jambo liko polisi, na namba yake haiwasaidii chochote maana laini zote hazipatikani. Nasikia sasa anafanya kazi Lindi, wengine wanasema Mtanda wengine Mitwero, sijathibitisha, ila mlioko huko na hizi habari za mradi wa gesi Likong'o zinazopandisha watu presha ya kutafuta nyumba, fungueni macho. Huku tuliona 2012 na 2013 wakati wa joto la gesi, kila mwenye pikipiki akawa dalali.

Niseme na hili, madalali wazuri wapo. Aliyenisaidia kujua huyu kijana ameshafanya hivi kwa nyumba nyingine ni dalali pia, mzee mmoja wa siku nyingi, yeye hagusi kodi ya mtu kabisa, anakukutanisha na mwenye nyumba mkimalizana ndo anadai mwezi wake mmoja. Hiyo ndo tofauti kubwa ninayoiona mimi. Dalali haki yake ni udalali, kodi ni ya mwenye nyumba, sasa dalali anayetaka vyote viwili vipite kwenye mkono wake, na hasa kwenye namba ya shemeji, mwambie ahsante ondoka.

Kama mwenye nyumba yuko mbali kweli, na Mtwara wako wengi wa hivyo, nenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla hujatuma chochote. Mwenyekiti au mtendaji anawajua wenye nyumba wake, na kama hamjui basi balozi anamjua. Mwambie dalali mkataba tutasaini pale pale ofisini kwa mtendaji, halafu angalia uso wake. Jirani nae muulize, ila usimuulize akiwepo dalali, rudi jioni mwenyewe saa kumi na mbili watu wamerudi nyumbani. Hao wote watatu wangerudi jioni wangenikuta mimi kibarazani.

Kingine ni LUKU. Omba namba ya mita ununue umeme hata wa elfu mbili kwa wakala, risiti mara nyingi inatoka na jina la mteja. Jina linaweza kuwa la marehemu babu, hilo ni kawaida, ila kwanza muulize dalali mita ina jina la nani ndo umwonyeshe risiti. Sisi mita ina jina la mjomba mpaka leo na kijana hakujua hilo.

Nyie wenye nyumba mlioko Dar na kwingine, mpangaji akihama badilisheni kitasa, kitasa ni hela ndogo kuliko kesi. Shangazi alikasirika kuitwa polisi aeleze chumba chake wakati hajala hata shilingi, lakini watu wana mkataba wenye anwani ya nyumba yake, ungetegemea waende wapi.

Na zile meseji za "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma namba hii" bado zinakuja, mwalimu zimeanza kumfikia juzi juzi, namba yake sasa sijui iko mikononi mwa nani. Hizo msijibu, zipelekeni 15040 ya TCRA. Na ukishatuma hela ukashtuka, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapo hapo wazuie muamala, ikishatolewa kwa wakala basi tena.

Kama wewe pia ulimlipia huyu mtu, usifute meseji wala picha za tangazo, tunza na mkataba, nenda kituo cha polisi ukafungue na wewe, ukiwa na wenzio malalamiko yanakuwa na uzito. Mwalimu amehifadhiwa na mwalimu mwenzake kwa sasa, kijana wa korosho yuko gesti, wale mtu na mkewe wamepata Naliendele.

Chumba chetu kimeshapata mtu, amelipa kwa shangazi mwenyewe na kitasa ni kipya. Lakini picha bado zinazunguka, jana tu nimetumiwa, sebule ina tailizi za kijani na dirisha linaangalia mwembe. Ukitumiwa hiyo picha kwa elfu 80, kuna mtu analala humo, usitume hela.